Nyaya Kabla ya Kisu: Historia ya Kuyaandaa Meno kwa Upasuaji wa Taya

Utangulizi

Dada yangu alipofikisha miaka 19 alivishwa nyaya za meno katika kliniki moja mjini Kampala. Taya lake la chini lilikuwa limetangulia mbele, na alipofunga mdomo meno ya chini yalipita mbele ya yale ya juu. Alijua kwamba mwishoni angefanyiwa upasuaji, lakini sote nyumbani tulidhani nyaya zingeanza kuirekebisha sura yake kidogo kidogo kila mwezi. Ikawa kinyume. Baada ya miezi minane kidevu kilionekana kirefu zaidi, mdomo wa chini ulisogea mbele, na mkate ambao zamani aliweza kuung'ata kwa shida sasa hakuweza kuung'ata kabisa. Mama aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Mwanangu, tunalipa pesa ili uharibiwe?" Dada akataka nyaya zitolewe wiki hiyo hiyo.

Jibu ambalo alipaswa kupewa kabla ya waya wa kwanza ni kwamba matibabu yalikuwa yanakwenda sawasawa. Nyaya zinazoandaa upasuaji wa taya huifanya sura iwe mbaya zaidi kwanza, na hufanya hivyo kwa makusudi. Insha hii inaeleza jinsi madaktari walivyofikia uamuzi huo wa ajabu. Ninajiuliza maswali matatu: kwa nini meno lazima yasogezwe kabla ya mfupa kukatwa, kwa nini ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu upasuaji wa kwanza hadi nyaya zikawa sehemu ya kawaida ya maandalizi, na kwa nini utaratibu huo unajadiliwa upya leo. Hoja yangu ni kwamba historia hii ni historia ya kuacha kuficha. Upasuaji wa taya ulifanikiwa kweli pale madaktari walipokubali kwanza kulifichua kosa lote, na mgonjwa akakubali kuishi na kosa lililofichuliwa kwa muda.

Jinsi meno yanavyoficha kosa la taya

Mtoto anayekua na taya la chini refu kuliko la juu hukua pia na ulimi na midomo isiyopumzika. Nguvu hizo husukuma meno mpaka yakaribiane kadiri yanavyoweza. Meno ya mbele ya chini huegemea nyuma, kuelekea ulimi. Yale ya juu huegemea mbele, kuelekea mdomo. Kwa mwenye taya la chini fupi mambo hugeuka: meno ya chini huegemea mbele kuyafuata ya juu. Madaktari husema kwamba meno yamefidia kosa la mifupa. Fidia hiyo humsaidia mtu kutafuna, na humsaidia kuonekana wa kawaida kuliko mifupa yake ilivyo.

Tatizo huja siku ya upasuaji. Tuchukue hesabu rahisi kama mfano. Tuseme taya la chini limezidi kwa milimita 10, lakini kwa sababu ya kuegemea, meno ya mbele yanapishana kwa milimita 4 tu. Mpasuaji akilirudisha taya nyuma milimita 4, meno yatagusana na kumzuia kuendelea. Atakuwa amekata mfupa, amemlaza mgonjwa hospitalini, na bado milimita 6 za kosa zimebaki. Meno yamemwekea mpaka mahali pasipo mpaka.

Kazi ya nyaya kabla ya upasuaji ni kuiondoa fidia hiyo. Kila jino husimamishwa vizuri juu ya mfupa wake, kana kwamba taya la pili halipo. Meno ya mbele ya chini yaliyoegemea nyuma husukumwa mbele. Ya juu yaliyochomoza hurudishwa. Pengo la milimita 4 linaweza kukua hadi kukaribia 10. Hapo mgonjwa hujitazama kwenye kioo na kushtuka, ilhali daktari anafurahi kwa sababu kosa la meno na kosa la mfupa sasa yanalingana.

Lazima nitaje jambo ambalo wengi hulikosea. Nyaya zile zile zinaweza kufanya kazi mbili zinazopingana. Mgonjwa asiyetaka upasuaji, au ambaye kosa lake ni dogo, anaweza kunyooshwa kwa kuongeza fidia: meno huegemezwa zaidi ili kosa la mifupa lisionekane. Kwa taya la chini lililozidi, daktari wa kuficha huweza kung'oa magego madogo mawili ya chini ili meno ya mbele ya chini yapate nafasi ya kurudi nyuma. Daktari wa kuandaa upasuaji, akihitaji nafasi, hung'oa yale ya juu. Njia hizo mbili huachana tangu hatua ya kwanza. Kwa hiyo swali la upasuaji haliwezi kuahirishwa hadi nyaya zikaribie kutolewa.

Kisu peke yake

Kabla ya karne ya 19, mtu mwenye kosa kubwa la taya hakuwa na dawa. Mfano unaojulikana zaidi ni ukoo wa Habsburg, uliotawala sehemu kubwa ya Ulaya na ambao taya lake la chini lililochomoza lilirithiwa vizazi kwa vizazi. Kaisari Charles V, aliyefariki mwaka 1558, alichorwa mara nyingi akiwa na ndevu ambazo zilisaidia kulifunika taya hilo. Charles II wa Hispania, wa mwisho katika tawi lake, alifariki mwaka 1700 bila mrithi. Yeye alikuwa na shida hata ya kutafuna. Kama mfalme hakuwa na la kufanya, raia wa kawaida angefanya nini?

Upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kurekebisha umbo la taya ulifanywa Marekani na Simon Hullihen wa mji wa Wheeling, nao ulichapishwa mwaka 1849. Mgonjwa alikuwa mwanamke kijana aliyeungua moto utotoni. Kovu la shingo lilikuwa limevuta kichwa chake chini kwa miaka mingi, na sehemu ya mbele ya taya la chini ikarefuka na kuinama. Hullihen alikata vipande vya mfupa na kuirudisha sehemu hiyo mahali pake, kisha akashughulikia ngozi ya shingo na mdomo.

Inafaa kukumbuka kwamba Hullihen alikuwa mpasuaji na daktari wa meno kwa wakati mmoja. Macho yale yale yaliyotazama mfupa yalitazama jinsi meno yatakavyokutana. Lakini hakuwa na nyaya za kuyahamisha meno hayo. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alikuwa ameeleza ukanda wa chuma uliofungwa kwenye meno kwa nyuzi, ila kifaa hicho kiliweza kusukuma tu taji la jino. Hakikuweza kuongoza mzizi ndani ya mfupa. Kwa hiyo Hullihen alilipokea jino pale alipolikuta.

St. Louis: fani mbili zakutana

Tukio la pili ninalotaka kulitazama lilitokea St. Louis, Marekani, mwaka 1897. Mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa na taya la chini refu alifanyiwa upasuaji na Vilray Blair, aliyekata kipande cha mfupa kila upande na kulirudisha taya nyuma. Aliyehusika pia katika kesi hiyo ni Edward Angle, mtu ambaye wanafunzi wa meno humwita baba wa unyooshaji wa meno wa kisasa. Mwaka 1899 Angle alitoa mpango wake wa kuyagawa makosa ya meno katika makundi matatu, mpango unaotumika hadi leo, na mwaka uliofuata akafungua shule ya kwanza ya fani hiyo mjini humo humo.

Hapa, basi, mwaka 1897, mpasuaji na mnyoosha meno walikuwa tayari wamesimama mbele ya mgonjwa mmoja. Baadaye Blair aliandika waziwazi kwamba kazi ya mifupa ni ya mpasuaji, lakini kwamba mnyoosha meno anapaswa kushirikishwa mapema. Kwa nini basi ushauri huo haukuwa kawaida kwa miongo mingi iliyofuata?

Naona sababu tatu. Kwanza, vifaa. Nyaya za wakati ule zilishikiliwa na pete za chuma zilizozungushiwa kila jino, kazi ya muda mrefu na ya gharama. Mpasuaji aliyetaka kuyafunga mataya baada ya kukata mfupa aliona ni rahisi zaidi kufunga fito za chuma kwenye meno siku ile ile ya upasuaji, na kuziondoa mfupa ukishaunga. Pili, imani. Angle na wafuasi wake waliamini kwamba meno yakipangwa sawasawa mfupa utayafuata, kwa hiyo upasuaji ulibaki kwa kesi mbaya sana. Tatu, upasuaji wenyewe ulikuwa na mipaka. Mara nyingi ulifanywa kupitia ngozi ya uso, ukaacha kovu, na ulihusu zaidi kulirudisha taya la chini nyuma. Kama mpasuaji anaweza kufanya jambo moja tu, haoni faida kubwa ya kumsubiri mwenzake mwaka mzima.

Matokeo yake ni kwamba hadi miaka ya 1960 wagonjwa wengi walipasuliwa bila nyaya, au baada ya nyaya kutolewa. Meno yaliamua taya lisogee umbali gani.

Vifaa vinavyojengwa kimya kimya

Hata hivyo, katika miaka hiyo ya kutengana, kila fani ilitengeneza kitu ambacho nyingine ingekihitaji. Katika miaka ya 1920 Angle alileta kifaa chenye mfereji wa pembe nne, ambamo waya wa pembe nne hukaa bila kuzunguka. Waya wa mviringo huliinamisha jino tu. Waya wa pembe nne unaweza kuuongoza pia mzizi. Bila uwezo huo, kuondoa fidia kusingewezekana kwa usahihi.

Mwaka 1931, Holly Broadbent huko Cleveland na Hofrath huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walieleza njia ya kupiga eksirei ya kichwa kwa kipimo kisichobadilika. Sasa daktari aliweza kupima pembe ya jino juu ya mfupa wake, na kusema kwa namba ni kiasi gani cha kosa kinatokana na meno na kiasi gani ni cha taya. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ikipakwa juu ya jino huliandaa kushika gundi. Kutokana na ugunduzi huo, kufikia miaka ya 1970 vishikizo vya waya viliweza kubandikwa moja kwa moja kwenye meno ya mbele bila pete.

Kwa upande wa upasuaji, Mfaransa René Le Fort alikuwa ameonyesha mwaka 1901, kwa majaribio ya maiti, mistari mitatu ambayo uso huvunjika kwayo. Mstari wa chini kabisa, unaopita juu ya mizizi ya meno ya juu, ukawa njia ya kulikata taya la juu kwa makusudi. Mjerumani Martin Wassmund alijaribu mwaka 1927, ila hakuthubutu kulilegeza taya lote; alilivuta polepole baadaye.

Graz, Zürich na Washington

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Hugo Obwegeser, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1920. Akiwa Graz pamoja na mwalimu wake Richard Trauner, mwaka 1953 alilipasua taya la chini kwa kupitia ndani ya mdomo, akiutenganisha mfupa kwa urefu, upande wa nje na upande wa ndani, kama mtu anayepasua ubao katikati ya unene wake. Nyuso mbili pana za mfupa hubaki zimegusana, kwa hiyo taya linaweza kurudishwa nyuma au kusogezwa mbele na bado likaunga. Uso haupati kovu. Baadaye, akiwa Zürich, alionyesha kwamba taya la juu linaweza kulegezwa kabisa na kupangwa upya, na kufikia mwaka 1970 hivi alikuwa akiyahamisha mataya yote mawili kwa siku moja.

Mwaka 1966 Obwegeser alialikwa Washington kuwahutubia wapasuaji wa Marekani katika kituo cha Walter Reed, na njia zake zikaenea upesi upande ule wa bahari. Swali la usalama lilibaki: taya la juu likilegezwa lote, damu itafika? William Bell alilijibu kwa majaribio ya nyani katika miaka ya 1960 na 1970. Aliona kwamba nyama laini za kaakaa na ufizi zinatosha kuulisha mfupa uliokatwa, mradi mpasuaji asizikate ovyo.

Nyaya zatangulia

Hapo hali iligeuka. Ikiwa taya linaweza kwenda popote, basi kizuizi pekee kilichobaki ni meno. Wapasuaji waliojifunza njia za Obwegeser waligundua kwamba kisu chao kinaweza zaidi kuliko meno ya mgonjwa yanavyoruhusu. Wakawatafuta wanyoosha meno, ambao nao sasa walikuwa na eksirei ya kupimia na nyaya za pembe nne. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1980 Bell, pamoja na mnyoosha meno William Proffit na mpasuaji Raymond White, walitoa kitabu kikubwa kuhusu upasuaji wa makosa ya taya na uso. Mnyoosha meno kuwa miongoni mwa waandishi ni ushahidi kwamba ushauri wa Blair ulikuwa umesikika hatimaye.

Utaratibu uliotokea ndio unaotumika katika hospitali nyingi hadi leo. Kwanza taya huachwa limalize kukua, hasa lile la chini lililozidi, kwani kulikata mapema ni kukaribisha kosa lirudi. Magego ya mwisho ya chini mara nyingi hung'olewa miezi kadhaa kabla, ili mahali pa kupasulia pawe imara. Kisha nyaya huvaliwa, kwa kawaida kati ya mwaka 1 na mwaka 1 na nusu, kuondoa fidia na kulipanga kila taya peke yake. Sanamu za plasta za meno huchukuliwa mara kwa mara na kushikanishwa kwa mkono ili kuona kama mataya yatakutana yakisogezwa. Wiki chache kabla ya upasuaji, waya mzito wa pembe nne huwekwa na kuachwa utulie bila kusukuma chochote, ukiwa na vindoano vidogo vya kufungia mataya. Siku ya upasuaji, kibao chembamba cha plastiki chenye alama za meno humwelekeza mpasuaji mahali pa kuliweka taya. Baada ya mfupa kuunga, nyaya hufanya kazi ya kumalizia kwa miezi michache.

Kwa hiyo nyaya zilichukua nafasi tatu kwa wakati mmoja: zilifichua kosa, zilikuwa mpini wa kulishikia taya wakati wa upasuaji, na zilimalizia kazi. Zamani mgonjwa alifungwa mdomo kwa wiki 6 hivi, akinywa uji na supu kwa mrija. Vibamba na skrubu ndogo za chuma, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970 na 1980, ziliufupisha mateso huo au kuuondoa kabisa.

Swali larudi

Vibamba hivyo vilifungua pia mlango wa mjadala mpya. Kama mfupa unaweza kushikiliwa imara hata meno yasipokutana vizuri, je, ni lazima mgonjwa apitie miezi ile ya sura mbaya? Mwaka 2009 Nagasaka na wenzake wa Sendai, Japani, walieleza kesi iliyoanza kwa upasuaji, nyaya zikafanya kazi yote baadaye kwa msaada wa nanga ndogo za chuma zilizofungwa kwenye mfupa. Madaktari wa Taiwan nao wameiendeleza njia hiyo. Wanaoitetea husema sura hurekebishwa mwanzoni, na kwamba meno husogea kwa kasi zaidi katika miezi ya kwanza baada ya mfupa kukatwa.

Lakini njia hii haikufuta kanuni ya zamani. Fidia lazima iondolewe vile vile. Kilichobadilika ni wakati wa kuiondoa. Daktari anapaswa kukisia kabla ya upasuaji meno yatakaposimama baadaye, na akikosea hana sanamu ya plasta ya kumwonya. Meno yakiwa yamesongamana sana, au yanagongana vibaya, wengi bado huanza na nyaya. Ninachokiona cha maana katika mjadala huu ni kwamba malalamiko ya mgonjwa yamehesabiwa kuwa sababu ya kitabibu. Kwa miaka mingi muda wa sura mbaya ulichukuliwa kama jambo la kuvumiliwa tu.

Hitimisho

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndevu za mfalme zilifunika, meno yaliyoegemea yalificha, na upasuaji uliofuata meno hayo ulirekebisha nusu. Nyaya kabla ya kisu zilikuja pale vitu vitatu vilipokutana: eksirei ya kuona kosa lote, waya wa kulifichua, na kisu kinachoweza kulifuata hadi mwisho wake. Kukosekana kwa kimoja kulivifanya vingine visitoshe.

Historia hii inabeba onyo kwa familia kama yetu. Utaratibu uliojengwa tangu miaka ya 1970 ulijengwa juu ya dhana kwamba nusu zote mbili zitafanyika. Mgonjwa aliyeondolewa fidia kisha akakosa upasuaji, kwa hofu au kwa kukosa pesa, huachwa na meno yanayokutana vibaya kuliko siku aliyoingia kliniki. Hivyo swali la gharama ya upasuaji, na la nani atakayeufanya, ni swali la kuulizwa kabla ya waya wa kwanza. Na maelezo kwamba sura itaharibika kwanza ni sehemu ya matibabu kama waya wenyewe.

Dada yangu hakuzitoa nyaya zake. Daktari mwingine aliziweka eksirei mbili mezani, ya kwanza na ya mwezi ule, akamwonyesha kwa kidole jinsi meno yalivyosimama huku mfupa ukiwa pale pale. Mama alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza upasuaji utagharimu kiasi gani. Tarehe bado haijapangwa, na tunaendelea kuchanga. Lakini sasa dada anapojitazama kwenye kioo anajua anachokiona.